Tunahesabu Meno au Watu?

Ndugu walimu na wanafunzi wa tiba ya kinywa, mtu mwenye mapengo, ambaye bado hajawa kibogoyo, ana njia nne: meno bandia ya kuvua na kuvaa, daraja linalogandishwa kwenye meno jirani, pandikizi linalokitwa katika mfupa, au kuliacha pengo lilivyo. Akituuliza ipi ni bora, utafiti tulionao hautuwezeshi kumjibu kwa uhakika. Mwaka 2012 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walichambua majaribio 21 ya nasibu, yaani yale ambayo wagonjwa hupangiwa tiba kwa kura. Asilimia 24 yalikuwa na hatari kubwa ya upendeleo, yaani matokeo kuegemea upande mmoja, na yaliyosalia, yote, taarifa zake hazikutosha kuipima hatari hiyo.

Kasoro ninayoiona nzito zaidi ni kile kinachohesabiwa. Tuseme, kwa mfano tu, wagonjwa 10 wamewekewa mapandikizi 40, na 4 yametoka. Makala itasema asilimia 90 yamedumu. Lakini ikiwa yote 4 yametoka kinywani mwa mvutaji sigara mmoja, habari ni tofauti kabisa na ile ya wagonjwa wanne waliopoteza moja moja, kwa kuwa mapandikizi ya kinywa kimoja huoshwa na mate yaleyale na kupigwa mswaki na mkono uleule, wala hayawezi kuhesabiwa kama watu 40 wasiojuana.

Hata neno "kudumu" lenyewe lina utata. Nilikuwa na mgonjwa, mama wa makamo, aliyevaa meno yake ya kuvua akienda harusini, na chakula kilipoletwa aliyafunga katika leso na kuyatia mkobani, kwa sababu waya wa kushikilia ulimchoma ufizi. Baada ya miaka mitatu meno yale hayakuwa na ufa hata mmoja.

Njia ya nne, ya kuliacha pengo, ndiyo iliyopata maswali mazuri zaidi. Arnd Käyser, mtafiti wa meno wa Nijmegen, Uholanzi, alionyesha mwaka 1981 kwamba mtu anaweza kutumia kinywa vizuri hata bila magego ya nyuma. Mwaka 2003 Sarita na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika hapa Tanzania kwa watu 725 wenye safu fupi ya meno, yaani waliokosa magego ya nyuma, na 125 wenye safu kamili, wakawauliza kuhusu kutafuna. Waliohangaika sana ni wale waliobakiwa na jozi chache mno za meno yanayokutana. Swali hilo ndilo ambalo mama yule angelielewa. Hata hivyo halikuwa jaribio: watu walipimwa mara moja, na hakuna aliyepangiwa tiba kwa kura.

Jaribio lilifanyika Ujerumani, katika kliniki 14 za vyuo vikuu, kwa wagonjwa 215 waliogawanywa kwa nasibu kati ya meno ya kuvua na safu fupi. Hata baada ya miaka 10, tofauti ya kupoteza meno haikuwa kubwa kitakwimu, yaani ingeweza kutokana na bahati tu. Hiyo si sawa na kuthibitisha kwamba njia hizo zinalingana, hasa pale wagonjwa wanapopungua kila mwaka.

Mgonjwa hawezi kufichwa kilichomo kinywani mwake, na kwa hilo tusiwalaumu watafiti. Anayemwandikisha, hata hivyo, anaweza kufichwa kura inayofuata, na bahasha iliyofungwa yenye jina la tiba ndani haina gharama. Wanaoandaa tasnifu mwaka huu wajue kwamba nitaanza na sura ya mbinu kabla ya matokeo, na nitauliza bahasha zilikuwa mikononi mwa nani.