Rangi na Mguso wa Kitambaa ni Kazi Moja

Ndugu walimu na wanafunzi wa usanifu wa vitambaa, nawashukuru kwa kunialika.

Nikipitia madaftari ya wanafunzi, mara nyingi nakuta utaratibu ule ule. Kurasa za mwanzo zimejaa rangi za maji, zimechanganywa kwa uangalifu na kupewa majina mazuri. Vipande vya kitambaa vinakuja mwishoni kabisa, wakati rangi zimeshaamuliwa na mguso unatafutiwa tu pa kukaa. Utaratibu huu unawanyima mambo mengi, na leo nataka niwashawishi mwuache.

Chukueni nyuzi mbili, moja ya hariri na nyingine ya sufu, zenye wekundu mnaoona umelingana. Ziwekeni karibu na dirisha. Hariri ni nyororo, hivyo inarudisha mwanga kwa pamoja na kung'aa. Sufu ina vinyweleo, mwanga unatawanyika, na wekundu wake unatulia. Au shikeni mahameli. Pitisheni kiganja upande mmoja, rangi inang'aa. Kirudisheni, inakolea mpaka mtu adhani ni kitambaa kingine. Hakuna tone la rangi lililoongezwa hapo. Kilichobadilika ni mlalo wa nyuzi tu.

Ufumaji nao una neno lake. Weka mtande, yaani nyuzi za urefu, wa buluu, pitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza kwa upana, wa njano. Mwanafunzi aliyezoea brashi anangoja kijani kibichi. Kwa karibu anaona nukta za buluu na za njano, kila moja na lake; akirudi nyuma, macho yanazichanganya, na mara nyingi kinachotokea kinaelekea kijivu. Wengi hapo huilaumu rangi. Mimi nasema hapo ndipo somo lilipo: nenepesha mshindio, au uache uruke nyuzi kadhaa za mtande kama inavyofanyika kwenye satini, na njano itatawala.

Jambo hili liliwasumbua hata mabingwa. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia utiaji rangi katika Gobelins, karakana ya kufuma vitambaa vya picha vya kutundika ukutani, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba weusi wa nyuzi zilizotumika kwenye vivuli vya buluu na zambarau ulikuwa dhaifu. Alipochunguza, aligundua kwamba weusi wenyewe haukuwa na kasoro. Rangi za jirani ndizo zilizoufanya uonekane umefifia. Utafiti huo aliuchapisha mwaka 1839, na mpaka leo hakuna mfumaji anayeweza kuupuuza. Rangi haiamuliwi ikiwa peke yake.

Kwa hiyo fumeni sampuli mapema, ndogo, nyingi. Mtande ubaki ule ule, badilisheni kitu kimoja kwa wakati: unene wa uzi, msokoto, au mfumo wenyewe wa kufuma. Pembeni msiandike “nzuri” au “mbaya”, andikeni kilichotokea. Zitazameni kwa mwanga wa mchana, kisha wa taa, maana rangi mbili zinazolingana mchana zinaweza kuachana kabisa usiku. Na sampuli iliyowakera msiitupe. Walimu, naomba nanyi mzipe alama sampuli hizo, kwa sababu humo ndimo fikra za mwanafunzi zinamoonekana, kuliko kwenye kitambaa kilichopigwa pasi kwa ajili ya maonyesho.

Kwa wanaoanza wiki hii, nina zoezi moja. Msiguse rangi kwanza. Fumeni vipande kwa uzi wa pamba mweupe pekee: kimoja kibane, kingine kilegee, kingine kiwe na vitanzi, kingine mshindio uliosokotwa sana ujikunje wenyewe. Vikishakamilika, vitieni vyote kwenye sufuria moja ya rangi, kwa muda mmoja. Vikikauka, vipangeni kuanzia kinachoonekana kimekolea zaidi hadi kilichofifia, halafu kila mmoja aeleze kwa mdomo kwa nini amevipanga hivyo.