Umemaliza kifungo, lakini hutoki

Asanteni, kaeni tu, na nyie wa nyuma sogeeni viti vipo. Leo naongelea watu ambao hakuna anayewapenda, wenye makosa ya ngono waliomaliza kifungo lakini serikali inaendelea kuwazuia, nasema mapema ili mtu asije akadhani nimekuja kuwatetea.

Mwaka 1994, jimbo la Kansas kule Marekani, kuna jamaa anaitwa Leroy Hendricks, kanajisi watoto miaka nenda rudi, kafungwa karibu miaka 10, sasa yuko mbioni kutoka. Jimbo likapitisha sheria mpya ya kuwazuia watu kama yeye hata baada ya kifungo, likamdaka palepale. Na mwenyewe alikiri mahakamani kwamba akibanwa na mawazo hajiwezi, cha kumzuia kwa uhakika ni kufa tu. Haya, ungekuwa wewe jaji ungefanyaje? Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 1997 majaji watano dhidi ya wanne wakasema azuiliwe, maana hii siyo kesi ya jinai, ni ya madai, anawekwa ndani kwa usalama wa watu na matibabu, kwa hiyo asilalamike kwamba kaadhibiwa mara mbili kwa kosa moja.



Mi kwa Hendricks sibishani sana. Kinachonikera ni kilichofuata kwenye majimbo mengine, hasa Minnesota. Wana vituo viwili, Moose Lake na St. Peter, wanaviita vya matibabu, na waliomo hawaitwi wafungwa wanaitwa wateja! Mteja gani jamani anayezungushiwa uzio wa nyaya za wembe? Halafu 2003 akauawa binti wa chuo, Dru Sjodin, na mtu aliyekuwa katoka jela miezi michache tu, wananchi wakawaka, na wana haki ya kuwaka, basi kuanzia hapo waendesha mashtaka wakawa wanapeleka watu huko kwa mafungu mpaka wakapita 700. Wengine zaidi ya 60 hawajawahi kutiwa hatiani wakiwa watu wazima, rekodi yao yote ni ya utotoni.

Sasa sikilizeni hapa. Matibabu yana hatua tatu, unapanda, ukiteleza unarudishwa chini, na ikafika 2015, miaka 20 na ushee, hajaachiwa kabisa hata mtu mmoja. Hata mmoja! Jaji Donovan Frank akasema hii inavunja katiba, kwa sababu sheria hailazimishi mtu apimwe tena kila baada ya muda, kwa hiyo humo ndani kuna watu ambao hata wenye kituo hawajui kama bado ni hatari, na anayetaka kutoka ndiye aanze kuhangaika na maombi yanayokula miaka. 2017 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake. Na pesa zinateketea, kwenye kesi ile ilitajwa kama dola 120,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka.

Ujerumani nako wanazuia, tena sheria yao ilianza 1933, mnajua nani alikuwa ameshika nchi, Hitler. Ila 2011 Mahakama ya Katiba ikawabana, ikasema huyu kamaliza adhabu yake, maisha yake humo yasifanane na ya jela, na matibabu yaanze angali mfungwa. Siku hizi mahakama inampitia upya kila mwaka, akifikisha miaka 10 ndani inakuwa kila miezi 9.

Naam, dada pale... anauliza akiachiwa akahamia jirani yangu nitakubali? Hapana dada, sitakubali, nina watoto, nitalala mlangoni na panga. Ndiyo maana usiniulize mimi. Aulizwe daktari aliyekaa naye, kila mwaka, mbele ya jaji, na serikali ndiyo ithibitishe kwamba bado ni hatari, siyo yeye athibitishe kwamba kapona. Haya, nani mwingine?