Mshauri Huondoka, Ushauri Hubaki

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na ninyi wahitimu watarajiwa, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa kueleza faida na hasara za kazi ya ushauri wa menejimenti, yaani kulipwa ili kuzishauri kampuni na taasisi namna ya kuendesha shughuli zao. Kwa kuwa kampuni za ushauri zenyewe zimekwisha kuwatembelea na vipeperushi vyao, sitaeleza ni zipi wala usaili wao unaendeshwaje.

Faida nazikubali mapema ili tusigombane. Mshahara wa kuanzia ni mnono kuliko watakaoupata wenzenu wengi. Ndani ya miaka miwili kijana anaweza kufanya kazi benki, bandarini na kwenye bohari ya dawa, akaketi meza moja na mkurugenzi mtendaji ambaye watumishi wake humwona kwenye picha ya ukutani tu. Atafundishwa kuandika kwa kutanguliza hitimisho, kisha ushahidi, stadi ambayo, nasema kwa masikitiko, sisi walimu wenu hatukuwapa.

Hasara mnayoisikia kila siku ni saa za kazi, yaani kukesha mkinyoosha visanduku kwenye slaidi ambayo bodi itaitazama kwa nusu dakika. Siipuuzi, lakini usingizi hufidika. Hasara ninayoilalamikia mimi, na wanaonifahamu walijua kwamba nitaifikia tu, ni kwamba mshauri elekezi huondoka kabla ushauri wake haujazaa matokeo. Anakabidhi ripoti, anapiga picha na bodi, na wiki inayofuata yuko Kigali kwa mteja mwingine. Anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila kujifunza kile ambacho msimamizi wa ghala hujifunza kwa msimu mmoja, yaani ni lipi kati ya maamuzi yake lililofanya kazi na ni lipi lililokwama.

Chukueni maji ya Dar es Salaam. Kukodisha huduma ile kwa kampuni binafsi kulitayarishwa kwa miaka, kwa masharti ya mikopo ya wafadhili na kwa kalamu za washauri wa kila fani. Kampuni tatu zilipita mchujo wa awali, lakini moja tu ndiyo iliyowasilisha zabuni. City Water, iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza, ilisaini mkataba wa miaka 10 na kuanza kazi Agosti 2003. Kampuni nyingine ya Uingereza, hii ya ushauri, ililipwa kwa fedha za msaada wa nchi hiyo ili kuwaelimisha wananchi uzuri wa ubinafsishaji, na miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ulikuwemo wimbo. Naam, wimbo. Makusanyo hayakufikia makadirio, na Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi liliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji wa Uingereza, lakini halikuitoza fidia, kwa sababu kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kukosa thamani.

Sasa jiulizeni, katika wote walioandika makadirio yale, ni wangapi walikuwapo Mei 2005 kuulizwa swali? Miaka kadhaa baadaye, katika mamlaka ya maji ya mkoa mmoja tuliyokuwa tukiishauri, msoma mita alinionyesha daftari lake. Pembeni ya majina ya wateja alikuwa ameandika kwa penseli: «mbwa», «geti limefungwa», «mita imefukiwa», «analipa akiombwa na mkewe». Jedwali letu lilikuwa na safu moja tu kwa habari zote hizo, nayo ilisomeka «kiwango cha ukusanyaji». Msoma mita yule hakuwamo katika orodha ya watu wa kuhojiwa, kwani hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi tuliyopewa, zilitaja wakuu wa idara tu.

Naona mikono. Mtasema mshauri hushauri tu na mteja ndiye mwenye uamuzi. Kisheria ni kweli, na kila ripoti ina ukurasa unaosema hivyo. Lakini mteja anayelipa fedha nyingi hivyo mara nyingi hatafuti maoni. Anatafuta saini ya mgeni chini ya jambo alilokwisha kuliamua, kama vile kupunguza wafanyakazi. Anayekubali kuwa saini hiyo asijifiche nyuma ya ukurasa ule.

Wengine mtasema basi washauri walipwe kwa matokeo. Jaribio hilo limefanyika. Mkataba wa McKinsey, kampuni ya ushauri ya Marekani, na shirika la umeme la Eskom nchini Afrika Kusini uliyafunga malipo na akiba itakayopatikana. Ulishughulikiwa nje ya taratibu za ununuzi, na mwaka 2018 kampuni ililazimika kurudisha takriban randi bilioni 1. Desemba 2024 tawi lake la Afrika lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza shauri la rushwa nchini Marekani lililohusu Eskom na Transnet, shirika la reli na bandari la Afrika Kusini. Malipo kwa matokeo huzaa pia ubishi wa nani anayeyapima matokeo hayo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo utaratibu wa kampuni hizi wa kupandishwa cheo au kuonyeshwa mlango, yaani asiyepanda kwa wakati huondolewa, nitaugusa tu: hauwaumizi kama mnavyodhani, kwa kuwa wengi wanaoondoka huajiriwa na wateja walewale, na hapo ndipo elimu yao inapokamilika. Ndiyo maana nawasihi mtangulie mahali ambapo makosa yenu yatawakuta bado mmeketi kwenye kiti kilekile: duka la jumla, kiwanda, ofisi ya halmashauri. Mkishindwa kunisikiliza na mkaajiriwa kesho na kampuni ya ushauri, basi dai lenu la kwanza kwa mkuu wa timu liwe siku chache za kurudi kwa mteja baada ya mwaka, zikiwemo katika bajeti. Atasema mteja hatazilipia. Muulizeni kama amewahi kumwomba. Suala la mshauri kujiajiri na kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo mteja huikata kabla ya kumlipa, nilikuwa nimeliandalia kurasa mbili. Nitalijibu kwenye maswali.