Vidonge vya Bibi na Tezi Zilizolala

Zuhura: Karibuni tena jamani. Leo nina jambo limenikaa moyoni. Bibi yangu mzaa mama, miaka 74, ana baridi yabisi ile ya viungo kuvimba, akiamka vidole havikunjiki mpaka saa nne, kanga tu kuikamua hawezi. Akaandikiwa prednisoloni, vile vidonge vya kutuliza uvimbe, wiki haijaisha anakuna nazi mwenyewe. Kaimeza miezi, siku vikaisha akasema mi si nimeshapona, akaacha. Siku ya nne tunamkuta hoi, anatapika, ukimsimamisha anaona giza. Sote tukasema malaria.

Beka: Pole sana dada. Wengine wangesema uzee tu, maana uchovu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, nani atashtuka kwa mzee? Sasa sikia, juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali, ndo inatengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari, na ubongo ndo unaituma. Prednisoloni inafanya kazi kama kotisoli, kwa hiyo ukiimeza kila siku ubongo unaona mbona vitu vipo tele, unaacha kutuma, tezi zinalala, zinasinyaa kabisa. Ukikata ghafla dawa haipo na tezi bado hazijaamka.

Zuhura: Zinalala baada ya muda gani?

Beka: Ukishapita wiki tatu, nne hivi daktari anaanza kuwa makini, hata kwa miligramu 5 kwa siku. Na zile sindano za dawa za jamii hii za kwenye goti nazo zinahesabika. Kuamka sasa, ni miezi, wengine hata mwaka unapita.

Zuhura: Lakini dawa yenyewe inasaidia kweli, nimeona kwa macho yangu.

Beka: Inasaidia sana! Mwaka 1948 pale hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni, ndugu yake prednisoloni, mwanamke ambaye baridi yabisi ilimlaza, siku chache tu akawa anatembea. 1950 Hench na wanakemia Kendall na Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Ila wagonjwa wakiacha maumivu yanarudi, na madhara nayo yakaanza kuonekana. Ndo maana inaniuma nikiona wazee wetu wananunua dukani bila cheti, hakuna hata mtu wa kuwaambia inashushwa kidogo kidogo.

Zuhura: Na akiumwa kitu kingine je, homa labda?

Beka: Hapo ndo penyewe. Mwili wa kawaida ukiumwa au ukipasuliwa unaongeza kotisoli wenyewe, wa bibi hauwezi, kwa hiyo daktari ndo anaongeza dozi kwa siku hizo. Akitapika usisubiri kuche, kidonge hakikai tumboni, mpeleke achomwe haidrokotisoni, yaani kotisoli yenyewe kama dawa, kwa mtu mzima wanaanza na miligramu 100, na useme mlangoni kabisa kwamba anatumia prednisoloni.

Zuhura: Sisi hatukusema. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, ndo nesi mmoja akauliza, bibi alikuwa anakunywa dawa gani? Mama akatoa kwenye pochi bahasha tupu, imeandikwa kwa peni 2x1 asubuhi, nesi akaisoma akatoka mbio kumwita daktari. Baada ya sindano, jioni bibi akaomba uji.

Beka: Alhamdulillah. Na sasa?

Zuhura: Katoka miligramu 10 yuko 7 na nusu, kile cha pili tunakikata katikati kwa wembe, na ile bahasha mama kaibana kwenye kadi ya kliniki.