Sumu Iliyotoweka Imegeuka Kuwa Nini?

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilipinga neno "imetoweka", na leo nitalipinga tena, kwa sababu bado ninasoma ripoti za usafishaji wa ardhi ambazo hupima kichafuzi kimoja mwanzoni, hukipima tena mwishoni, hukuta kimepungua, kisha hutangaza kwamba kazi imekwisha. Kemikali huweza kupungua kisimani kwa kuwa imechanganyika na maji mengi zaidi, imenata kwenye chembe za udongo, au imepanda hewani kama mvuke. Na hata pale ambapo vijidudu vimeivunja kweli, swali langu ni lile lile: vimeiacha katika umbo gani?

Chukueni tetrakloroetheni, kimiminika kilichotumika kwa miaka mingi kusafishia nguo bila maji na kuondolea grisi kwenye vyuma. Kwa kuwa ni kizito kuliko maji, kikimwagika huzama hadi ndani ya tabaka za maji ya ardhini, ambako oksijeni ni haba. Molekuli yake ni atomi mbili za kaboni zilizobeba atomi nne za klorini. Huko chini wapo bakteria wanaoitumia kama sisi tunavyotumia oksijeni: huipa elektroni walizozitoa kwenye chakula chao, na kila mara klorini moja hung'oka, hidrojeni ikashika nafasi yake. Ikitoka klorini ya kwanza hubaki trikloroetheni. Ya pili, dikloroetheni. Ya tatu, kloridi ya vinili. Na ya nne ikitoka hubaki etheni, gesi ile ile ambayo matunda huitoa yanapoiva.

Itazameni vizuri hatua ya tatu. Kloridi ya vinili ni malighafi ya plastiki ya PVC, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiorodhesha miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, ya ini hasa. Bakteria wengi wanaoianza safari hii hukomea kwenye dikloroetheni, na mahali pengine kazi husimama kwenye kloridi ya vinili yenyewe, ikarundikana majini. Maana yake ni kwamba kisima ambacho tetrakloroetheni yake imekwisha kabisa kinaweza kuwa cha hatari zaidi kuliko kilivyokuwa siku ya kwanza, na ripoti iliyopima tetrakloroetheni peke yake itakipongeza.

Wanaojulikana zaidi kwa kuifikisha kazi hadi etheni ni bakteria wa jenasi ya Dehalococcoides. Mwaka 1997 watafiti walitangaza kumtenga mmoja wao, aliyetokana na matope ya mtambo wa majitaka wa Ithaca, jimbo la New York. Ni kiumbe mdogo mno, hukua polepole, oksijeni humdhuru, nishati yake huipata kwa hidrojeni, na vitamini B12 asiyoweza kujitengenezea huitegemea kutoka kwa bakteria jirani. Wala si kila ukoo wa Dehalococcoides una kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali, cha kuishughulikia vema kloridi ya vinili. Ndiyo maana ninadai vipimo viwili kila mara: jeni ya kimeng'enya hicho ionekane katika maji ya kisima, na etheni ionekane ikiongezeka. Bila etheni, sikubali kwamba mahali hapo pamesafishika.

Huulizwa kila ninapofika hapa: je, asili haijitibu yenyewe? Hujitibu pale inapokuwa na vifaa. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta ghafi katika ghuba ya Prince William Sound, Alaska, bakteria wa kula mafuta walikuwa tayari wanaishi kwenye fukwe hizo. Walichopungukiwa ni naitrojeni na fosforasi, kwa kuwa mafuta ni kaboni na hidrojeni takriban matupu, na hakuna kiumbe anayejenga protini kwa hayo mawili peke yake. Mbolea iliponyunyizwa, uozaji uliongezeka kasi. Lakini mafuta yaliyopenya chini ya mawe na changarawe, ambako maji yenye oksijeni hayafiki kwa urahisi, yalikutwa bado yapo zaidi ya miaka kumi baadaye. Wanaouza bakteria ndani ya chupa huijibu mara chache hoja hii: kama aliyeko pale anakosa hewa, mgeni mtakayemmwaga juu yake ataipata wapi?

Muda unanibana, kwa hiyo kuhusu madini nitasema machache. Zebaki haiwezi kuozeshwa, kwa sababu ni elementi, na hakuna kimeng'enya kinachovunja atomi. Vijidudu hubadilisha umbo lake tu. Wapo wanaoigeuza kuwa mvuke unaotoroka hewani. Wapo pia, katika mashapo yasiyo na oksijeni, wanaoigeuza kuwa methili-zebaki, jambo lililoonyeshwa kwa majaribio mwaka 1969, na umbo hilo ndilo linalojilimbikiza katika samaki na kudhuru mishipa ya fahamu ya anayewala. Ukipima zebaki yote kwa jumla katika matope hayo, unaweza kupata kiasi kile kile ulichopata mwaka uliopita, ilhali sehemu yake imekwisha kugeuka na kuingia katika samaki.