Stesheni Kwanza, Kasi Baadaye

Assalaam alaykum, walimu wangu na vijana mliohudhuria.

Nimetakiwa nizungumzie upangaji wa reli za mwendokasi baina ya miji mikubwa. Wapangaji wengi huanza kwa kuuliza treni itakimbia kilomita ngapi kwa saa. Mimi nauliza kwanza abiria atapandia wapi.

Waliokwenda Umra wakapanda treni ya Haramain watanielewa. Tangu 2018 inakwenda Makkah hadi Madina, kiasi cha kilomita 450, kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa. Raha tupu. Lakini stesheni ya Makkah iko Rusaifa, mbali na Msikiti Mtukufu. Ukiwa na mama mtu mzima na mabegi yake, unahangaikia teksi kwanza. Muda huo nao ni safari, ingawa kwenye tiketi haumo.

Kinachoisukuma stesheni nje ya mji mara nyingi ni kona. Kwa kasi hiyo treni inataka kona pana mno, na mji umeshajengwa. Kuingia kati ni kubomoa nyumba au kuchimba handaki. Wafaransa, walipofungua njia ya Paris na Lyon mwaka 1981, walipitisha reli mpya mashambani, kisha treni ikaingia mjini taratibu juu ya reli ya zamani. Waliweza kwa kuwa upana wa reli ni ule ule, milimita 1,435. Wajapani mwaka 1964 hawakuweza, maana reli yao ya zamani ni milimita 1,067. Osaka wakajenga stesheni mpya, Shin-Osaka, na abiria wa katikati ya mji ikambidi abadilishe treni.

Tanzania tuko kama Wajapani: reli ya kati ya zamani upana wake ni mita moja, reli mpya ya kisasa, SGR, ni milimita 1,435. Stesheni ikikosewa mahala, hakuna reli kongwe ya kutuokoa.

Sasa sisi wa visiwani. Tangu 2024 SGR inakwenda Dar hadi Dodoma. Lakini mtu wa Mkoani, kule Pemba, anavuka kwanza kuja Unguja, kisha Dar, ndipo aisake treni huku kabeba mzigo wake. Boti ikichelewa, treni haimngoji. Kwa hivyo nataka wenye boti na wenye treni wakae meza moja wapange ratiba, tiketi iwe moja, na mzigo ukabidhiwe bandarini Malindi, hapa Unguja, upokewe Dodoma. Hilo halihitaji kuongeza hata kilomita moja ya kasi, na linaweza kuanza kabla ya reli nyengine yoyote kujengwa.