Ukipampu Ndiyo Zishike, Huna Breki

Makofi baadaye. Nianze na swali: humu ndani, nani gari lake la zamani breki zinashika ukipampu pedeli mara mbili? Nyosheni mikono, matajiri wenu hawapo. Mmoja, watatu, saba... Na wewe unayejifanya unajikuna kichwa, wa nane.

Haya nimeyasema gereji, nimeyasema harusini, nimeyasema mpaka msibani. Ukipampu ndiyo zishike, huna breki. Mtoto akikatiza barabara pale Mto wa Mbu, mguu wa pili, yaani mkanyago wa pili, utaupatia wapi?

Kuna mzee alinileta Land Rover 109, Series III, breki za dramu pande zote nne, zile ambazo shuu zinapanuka na kubana dramu kwa ndani. Ametoka kwa fundi, simtaji. Upepo umetolewa kwenye mabomba ya breki mara nne, chupa tatu za oili ya breki zimekwisha, masta silinda mpya, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedeli, imefungwa. Pedeli ya kwanza inakaribia sakafu, ya pili inapanda. Nikamuuliza: ikipanda, inanesa au ni ngumu? Akasema ngumu kama ukuta. Basi upepo haumo! Upepo unagandamizika. Pedeli yenye upepo ukiipampu itapanda, lakini itaendelea kunesa kama godoro.

Nikalala chini na spana moja. Ajasta, zile za kusogeza shuu karibu na dramu, zilikuwa zimeshikwa na kutu, tangu lini Mungu anajua. Nikazilowesha, nikaenda kunywa chai, nikarudi. Unainua gurudumu, unakaza ajasta mpaka gurudumu ligome, halafu unalegeza kidogo kidogo mpaka lizunguke. Likikwaruza kwa mbali si neno. Na mbele 109 ina ajasta mbili kwa kila gurudumu, moja kwa kila shuu. Ukiset moja ukasahau ya pili, hujafanya kazi. Tulipomaliza, pedeli ikashika juu, mguu wa kwanza. Mzee akanyamaza, kisha akauliza ile masta silinda atarudishiwa na nani. Sikuwa na jibu.

Sababu yake ni hesabu ya kiasi tu. Masta silinda inasukuma oili kidogo kwa kila mkanyago. Shuu zikiwa mbali na dramu, oili yote ya mguu wa kwanza inaishia kuzisogeza. Ukipampu haraka, kabla springi hazijazirudisha, mguu wa pili ndio unaobana.

Mtaniambia, mzee, mimi nina Land Cruiser, dramu za nyuma zinajiset zenyewe. Zinajiset kama kile kigurudumu cha meno kinachosogeza shuu kinazunguka! Umefungua lini ukaangalia? Vumbi la Serengeti halisomi kitabu cha Toyota.

Nyingine hii: ukikanyaga ukashikilia, pedeli ikazama taratibu na nje hakuna panapovuja, hapo sasa masta silinda inapitisha oili kwa ndani. Hapo nunua mpya.

Sasa kutoa upepo, haraka maana naona mnaangalia saa. Injini imezimwa. Kwenye dramu za kuset kwa mkono, set kwanza. Mpira uingie kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye oili. Anza gurudumu la mbali na masta silinda. Usukani ukiwa kulia, mara nyingi ni la nyuma kushoto. Aliye juu akanyage pedeli ashikilie, wa chini afungue nati, afunge, NDIPO wa juu aachie. Akiachia mapema, upepo unarudi na mnaanza upya. Kopo la oili ya breki msiliache likauke. Na kama masta silinda ni ya zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedeli. Ukiizamisha mpaka sakafuni, raba zake za ndani zinapita sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kufika, zinachanika. Umekuja kutoa upepo, unaondoka na ugonjwa mpya.

Oili ya injini humo usiweke, hata tone! Raba zinavimba, breki zinashika na haziachii.

Halafu oili ya breki inavuta unyevu. DOT 3, daraja lililoandikwa kwenye chupa, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishalowa, kipimo chake ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Sasa wewe unashuka ukuta wa Ngorongoro, mita 600 hivi, mguu umelala kwenye breki badala ya kuweka gia nzito. Oili inachemka, mvuke unagandamizika, pedeli inazama. Gari likipoa pedeli inarudi, na fundi anakwambia gari zima. Badilisha oili yote kila miaka miwili. Ghali? Uliza bei ya bodi.

Hozi za mpira na ile valvu ya mzigo juu ya ekseli ya nyuma, nitakuja siku nyingine, tukijaliwa.

Ila hili kabla hamjatoka kwenda kujaribu kwenye ile 109 pale nje: hendibreki yake haikamati magurudumu. Inakamata propela shafti, kile chuma kinachopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma, pale nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu, inayogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili ya nyuma, inaliacha lile la hewani lizunguke na gari linaondoka. Kwa hiyo mawe kwanza, mbele na nyuma ya tairi, jeki baadaye. Nani ana mawe?